Transfoma Haina Ohmu Zake: Kulinganisha Valvu na Spika kwenye Amplifaya ya Kujitengenezea

Swali ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaojenga amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za redio za zamani) kwa mara ya kwanza ni hili: "Nimetoa transfoma ya sauti kwenye redio ya zamani, hii ni ya ohmu ngapi?" Nami huwajibu kwamba haina ohmu. Transfoma ya kutolea sauti haina impidansi yake yenyewe, yaani ukinzani kwa umeme wa AC kama ule wa sauti. Ina uwiano wa mizunguko ya waya tu, ya upande mmoja kwa ya upande wa pili. Ohmu ambazo valvu inaziona ni zile za spika uliyoifunga upande wa pili, zikiwa zimekuzwa na uwiano huo. Ukibadilisha spika umebadilisha mzigo wa valvu, hata kama transfoma hujaigusa. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni kupima na kuzidisha.

Nitakwenda na mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho: amplifaya ya valvu moja ya EL84, chaneli moja, transfoma ya kuokoteza na spika za kawaida. EL84 ilijaa kwenye redio za mezani za Ulaya za miaka ya 1950 na 1960, zile za mbao zenye jicho la kijani linalofumba stesheni ikishika vizuri. Bado utazikuta juu ya makabati ya wazee na kwenye mabenchi ya mafundi redio. Redio nyingi kati ya hizo hazitapona tena, lakini transfoma yake ya sauti huwa nzima. Na valvu yenyewe bado inatengenezwa mpya. JJ ya Slovakia ni mmoja wa watengenezaji.

Unachohitaji ni mita ya kidijitali inayosoma volti za AC hadi sehemu za elfu, transfoma ndogo ya umeme wa nyumbani inayotoa 12 V za AC (ya redio kaseti mbovu inafaa kabisa), rezista nne za ohmu 8.2 zenye uwezo wa wati 10, na kikokotoo cha simu. Chaja ya simu haifai hapa kwa sababu inatoa DC, na transfoma haipitishi DC.

Jambo moja kabla ya kushika bisibisi. Amplifaya hii ina zaidi ya 250 V za DC ndani yake, na kapasita za kuchuja umeme hubaki zimejaa hata baada ya kuchomoa plagi. Kabla ya kuingiza mkono, zimwage kwa rezista ya kilo-ohmu 10 ya wati 5 yenye nyaya zilizovikwa vizuri, kisha uhakikishe kwa mita kuwa zimeshuka chini ya 5 V. Ukipima kitu kikiwa kimewashwa, tumia mkono mmoja tu, mwingine uweke mfukoni. Usifanye kazi hii peke yako usiku umechoka.

Hatua ya 1: Jua valvu inataka mzigo gani

Neno "kulinganisha" limewapoteza wengi. Shuleni tulifundishwa kwamba nguvu nyingi zaidi hupita pale ukinzani wa chanzo unapolingana na ukinzani wa mzigo. Kwa valvu za kutolea sauti mambo hayaendi hivyo. EL84 ina ukinzani wa ndani wa takribani ohmu 38,000, lakini mtengenezaji anakuambia uipe mzigo wa ohmu 5,200. Triodi (valvu zenye elektrodi tatu) nazo huenda upande wa pili: 2A3 ina ukinzani wa ndani wa ohmu 800, na mzigo wake ni 2,500, mara tatu hivi. Tunachokitafuta ni mzigo unaoiacha valvu icheze upana wake wote wa volti na upana wake wote wa mkondo kwa pamoja, kimoja kisiishe kabla ya kingine.

Kwa pentodi (valvu yenye elektrodi tano, kama EL84) iliyo peke yake kuna njia ya mkato ninayoipenda sana. Gawanya volti za anodi (bamba la valvu linalofungwa kwenye transfoma) kwa mkondo wa anodi ukiwa umetulia. EL84 kwenye 250 V hupitisha miliampea 48: 250 ÷ 0.048 = 5,208. Ndiyo ile ile 5,200 ya kwenye karatasi ya mtengenezaji. ECL86: 250 ÷ 0.036 = 6,944, na karatasi inasema 7,000. ECL82 kwenye 200 V na miliampea 35: 5,714, na karatasi inasema 5,600. Kwa hiyo ukikuta redio yenye valvu usiyoijua, pima volti na mkondo wake kabla hujaing'oa vifaa, na utakuwa na makisio mazuri ya mzigo wake. Njia hii haigongi kila mara. 6L6 kwenye 250 V inaandikiwa 2,500 ilhali hesabu inatoa karibu 3,500. Karatasi ikiwepo, ifuate karatasi.

Namba nyingine ninazozitumia mara kwa mara: 6V6 peke yake kwenye 250 V, ohmu 5,000. 6V6 mbili za pushipuli (moja inasukuma, nyingine inavuta, kwa zamu) kwenye 285 V, ohmu 8,000 toka anodi hadi anodi. EL84 mbili za pushipuli, 8,000 vilevile. EL34 mbili kwenye 375 V, 3,400.

Hatua ya 2: Tambua nyaya

Transfoma ya valvu moja kwa kawaida ina nyaya mbili upande wa valvu na mbili upande wa spika. Weka mita kwenye ohmu. Upande wa valvu husoma mamia ya ohmu, kwa kawaida kati ya 200 na 600, kwa sababu ni waya mwembamba wa mizunguko maelfu. Upande wa spika husoma chini ya ohmu moja. Ukikuta nyaya tatu upande wa valvu, na ule wa kati ukasoma takribani nusu kwenda kila upande, hiyo ni ya pushipuli. Nusu hizo mbili hazitalingana kabisa; nusu iliyozungushwa kwa nje imetumia waya mrefu zaidi, hivyo tofauti ya ohmu kumi au ishirini isikutishe.

Transfoma za Marekani zina desturi ya rangi: bluu kwenda anodi, nyekundu kwenda kwenye volti kubwa, kahawia kwenda anodi ya pili kama ipo, kisha nyeusi na kijani kwa spika. Za redio za Ulaya huwa na vishikizo vya kulehemu tu, bila rangi wala maandishi. Amini mita.

Baadhi ya redio za Philips za enzi hiyo hazikuwa na transfoma ya sauti kabisa. Zilikuwa na spika maalumu za ohmu 800 zinazoendeshwa moja kwa moja na valvu. Ukifungua redio ukaona spika imeandikwa 800 Ω, usipoteze mchana mzima kutafuta transfoma ambayo haijawahi kuwemo. Spika hiyo itunze, lakini si kwa kazi hii.

Kosa la hatua hii ni kudhani ohmu ulizozisoma upande wa valvu (kwenye transfoma yangu zilikuwa 310) ndizo impidansi. Hizo ni ukinzani wa waya wa shaba basi. Zinakusaidia kutambua upande, na zitarudi kwenye hesabu baadaye, lakini hazikuambii chochote kuhusu uwiano.

Hatua ya 3: Pima uwiano

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na inachukua dakika tano.

Transfoma iwe haijafungwa kwenye kitu chochote. Unganisha zile 12 V za AC upande wa valvu, yaani upande wenye ohmu nyingi. Pima volti zilizoingia hapo hapo kwenye vishikizo, kwa sababu transfoma ndogo isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilichoandikiwa. Halafu pima volti zinazotoka upande wa spika. Fanya hivyo mara mbili au tatu mfululizo, maana umeme wa nyumbani hupanda na kushuka, na vipimo vyako viwili vinapaswa kuwa vya wakati mmoja.

Usigeuze. Mtu akiweka 12 V upande wa spika, upande wa valvu utatoa volti zaidi ya 400, na nyaya hizo mara nyingi zinaning'inia mezani bila kuvikwa chochote. Transfoma ndogo kiasi hicho inaweza kukurusha na kukuumiza vibaya.

Ile niliyoipima kwa ajili ya mfano huu ilisoma 13.2 V kuingia na 0.373 V kutoka. Gawanya: 13.2 ÷ 0.373 = 35.4. Huo ndio uwiano wa mizunguko. Impidansi haifuati uwiano, hufuata uwiano uliozidishwa kwa wenyewe: 35.4 × 35.4 = 1,253. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Transfoma inapopandisha volti mara 35.4 inapunguza mkondo mara 35.4 vilevile, na ohmu ni volti kugawa kwa mkondo, kwa hiyo badiliko linahesabiwa mara mbili.

Andika 1,253 juu ya transfoma kwa kalamu ya wino usiofutika. Ndilo jina lake tangu leo.

Hatua ya 4: Zidisha kwa spika, kisha uchague

Spika ya ohmu 4: 4 × 1,253 = 5,012. Spika ya ohmu 8: 10,024. Ya ohmu 16: 20,048.

EL84 inataka 5,200. Ohmu 4 ndiyo inayofaa, na ohmu 8 inaipa valvu mzigo karibu mara mbili ya inavyotaka. Redio hizo nyingi zilikuwa na spika za ohmu 3 hadi 5, ndiyo maana transfoma zake zimezungushwa hivyo. Mtu anaifunga kwa spika ya kisasa ya ohmu 8, sauti inatoka nyembamba na ya kukwaruza, analaumu valvu, ananunua nyingine, na ya pili inasikika vilevile. Nimeyaona haya zaidi ya mara moja, na inauma kuona pesa zinapotea kwenye valvu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Bahati nzuri ohmu 4 hapa kwetu si shida. Spika za gari karibu zote ni ohmu 4, na Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi utazikuta mpya na zilizotumika. Njia ya pili, ambayo mimi naipenda zaidi kwa sababu sauti inajaza chumba, ni spika mbili za ohmu 8 zilizofungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Mbili za ohmu 8 sambamba ni ohmu 4. Ukikosea ukageuza nyaya za moja, zitasukuma hewa kwa zamu zinazopingana na besi itatoweka.

Spika usiyoijua ohmu zake, ipime kwa mita. Ya ohmu 4 husoma kati ya 3 na 3.7, ya ohmu 8 husoma kati ya 5.5 na 7. Mita inasoma waya tu, na namba iliyoandikwa kwenye spika siku zote huwa juu kidogo. Ujue pia kwamba hata namba hiyo ni ya kukadiria. Spika ya ohmu 8 inaweza kupanda hadi ohmu 30 au zaidi pale inapotetemeka kwa asili yake kwenye besi, na hupanda tena kwenye sauti za juu. Kwa hiyo usikose usingizi kwa sababu hesabu yako imetoa 5,012 badala ya 5,200. Tofauti ya asilimia 20 huisikii. Tofauti ya mara mbili utaisikia.

Ukitaka kuhesabu kinyume, yaani unajua valvu na spika lakini unatafuta transfoma, gawanya mzigo wa valvu kwa ohmu za spika kisha utafute kipeuo cha pili. 5,200 ÷ 8 = 650, na kipeuo chake ni 25.5. Basi unatafuta transfoma ambayo ukiiwekea 13.2 V inakurudishia karibu 0.52 V.

Hesabu hii inakufungulia milango mingine pia. Transfoma ya dukani iliyoandikwa "5,000 kwa 8" ni ya uwiano wa 25 tu. Ifunge kwa spika ya ohmu 4 na valvu itaona 2,500, ambao ni mzigo wa 6L6. Lazima tu iweze kubeba mkondo wa 6L6, miliampea 72 badala ya 48.

Hatua ya 5: Waya nao una gharama yake

Hapa ndipo zile ohmu 310 zinaporudi. Upande wa spika nao ulisoma 0.4, baada ya kutoa ohmu za nyaya za mita zenyewe (zigusanishe kwanza uone zinasoma ngapi). Zile 0.4 zinaonekana upande wa valvu zikiwa zimezidishwa kwa 1,253: ohmu 501. Kwa hiyo mzigo halisi wa valvu ni 5,012 + 310 + 501 = 5,823. Katika hizo, 5,012 tu ndizo zinazofanya kazi kwenye spika, karibu asilimia 86. Zilizobaki ni joto la shaba.

Transfoma ya redio inapata alama hizo na ni nzuri tu. Ukiona hesabu inashuka chini ya asilimia 75, tafuta nyingine.

Ohmu 310 hizo hula pia volti za DC: 0.048 × 310 = 15 V. Ongeza 7 V za kathodi (sehemu ya valvu inayotoa elektroni), na utaona kwamba ili anodi ipate 250 V kutoka kathodini, unahitaji takribani 272 V kwenye kapasita. Ukijenga sehemu ya umeme kwa 250 V kamili utakosa nguvu kidogo na hutajua zimekwenda wapi.

Hatua ya 6: Mwanya ndani ya chuma

Namba zote zinaweza kukubali na transfoma bado ikawa haifai. Kwenye amplifaya ya valvu moja, miliampea 48 za DC hupita kwenye waya muda wote na kukifanya chuma kuwa sumaku. Transfoma iliyokusudiwa kazi hiyo ina mwanya mwembamba kwenye chuma, mara nyingi kipande cha karatasi kati ya bati zenye umbo la E na zile zenye umbo la I. Mwanya huo unazuia chuma kisishibe. Transfoma ya pushipuli haina mwanya, kwa sababu mikondo ya valvu mbili hupingana na kufutana ndani yake. Ukiitumia kwa valvu moja, chuma kitashiba, besi itapotea na sauti itavunjika.

Tazama mpangilio wa bati. Kama E zote zimetazama upande mmoja na I zote zimekaa pamoja upande wa pili, ni ya valvu moja. Kama zimepishana, moja huku moja kule, haina mwanya.

Hili linanileta kwenye transfoma ambayo watu wengi hapa Afrika Mashariki wanayo bila kuijua. Vipaza sauti vya honi vya misikitini na makanisani, vinavyoendeshwa kwa laini ya 100 V, huwa na transfoma ndogo nyuma yake yenye vituo vilivyoandikwa kwa wati. Ohmu za kila kituo ni 100 × 100 kugawa kwa wati. Kituo cha wati 10 ni ohmu 1,000, cha wati 5 ni 2,000, cha wati 2.5 ni 4,000, cha wati 1.25 ni 8,000. Sasa angalia: kati ya waya wa pamoja na kituo cha wati 1.25 kuna ohmu 8,000, ambao ndio mzigo wa EL84 mbili za pushipuli. Na kituo cha wati 5, chenye 2,000, kiko katikati kabisa ya mizunguko hiyo, maana nusu ya mizunguko ni robo ya ohmu. Weka volti kubwa kwenye kituo cha wati 5, anodi moja kwenye waya wa pamoja na nyingine kwenye kituo cha wati 1.25, na umepata transfoma ya pushipuli.

Hiyo robo ndiyo inayowakwaza wengi. Nusu ya transfoma ya 8,000 si 4,000. Ni 2,000.

Zina mipaka, na nitaisema waziwazi. Hazikutengenezwa kwa volti 300 za DC, kwa hiyo nguo ya waya wake inaweza isivumilie. Ifunge kwenye chasi yenye ethi na fyuzi, na usiiache ikifanya kazi bila wewe kuwepo. Pima ukinzani wa kila nusu. Kama moja ni mara mbili ya nyingine, waya wa nusu hiyo ni mwembamba mno kwa mkondo wa valvu, achana nayo. Na kwa valvu moja hazifai kabisa bila kupanga upya bati na kuweka mwanya. Kwa kujifunzia, nimeona zikitoa sauti nzuri ya mazungumzo na gitaa. Besi ya taarabu usiitegemee.

Hatua ya 7: Washa na uhakikishe

Kabla ya kuwasha kwa mara ya kwanza, lehemu rezista ya ohmu 220 ya wati 5 kwenye soketi ya spika na uiache humo milele. Haitasikika kwenye sauti. Kazi yake ni siku ile waya wa spika utakapochomoka muziki ukiwa juu. Amplifaya ya valvu isiyo na mzigo hurudisha volti kubwa mno upande wa anodi. Transfoma yangu ya kwanza kabisa ilikufa hivyo: waya wa spika ulilegea, nikasikia mlio mkali kama wa kuku akikanyagwa, kisha harufu ya vanishi iliyoungua. Ilikuwa imetoka kwenye redio ya babu yangu, na hakukuwa na nyingine. Kumbuka kwamba kwenye valvu, spika iliyogusana nyaya ina hatari ndogo kuliko spika isiyokuwepo. Anayetoka kwenye amplifaya za transista amezoea kinyume chake.

Badala ya spika, funga kwanza zile rezista za 8.2. Moja peke yake ni 8.2, mbili sambamba ni 4.1, nne sambamba ni 2.05. Anza na mbili. Washa, subiri dakika mbili valvu ipate moto, kisha pima volti za kathodi. Kwa rezista ya kathodi ya ohmu 135 utarajie karibu 7.2 V, ambazo ni miliampea 53 hivi: 48 za anodi na zilizobaki za skrini (gridi ya pili ya valvu). Ikizidi 8.5 V, zima utafute kosa kabla ya kuendelea.

Sasa ingiza mlio wa hezi 1,000 kutoka kwenye programu ya simu, na upandishe taratibu. Kwa oskiloskopu ndogo, hata ile ya bei ya chini ya mkononi, utaona wimbi likianza kukatwa kichwa au mguu. Ukifika hapo simama, soma volti za AC kwenye rezista. Asiye na oskiloskopu aangalie volti za kathodi: zikianza kuhama toka pale zilipotulia, ujue valvu imefika ukingoni. Hii ni dalili tu, lakini inasaidia.

Nguvu ni volti kuzidisha kwa volti, kugawa kwa ohmu. Amplifaya yangu ya mfano huu ilitoa hivi kabla ya wimbi kukatika: kwenye 8.2, volti 4.2, yaani wati 2.2. Kwenye 4.1, volti 3.9, wati 3.7. Kwenye 2.05, volti 2.4, wati 2.8. Kilele kiko pale hesabu ilipokiweka. Namba ya mtengenezaji, kama wati 5.7, inakubali uchafu wa sauti wa asilimia 10 na haihesabu kinachopotea kwenye shaba, kwa hiyo usihuzunike kwa kupata wati 4. Kwenye chumba cha kulala na spika nzuri ni nyingi.

Angalia pia namna wimbi lilivyokatika. Mzigo ukiwa mkubwa mno, valvu huishiwa volti mapema ilhali mkondo bado upo, na skrini hupokea mkondo mwingi kuliko inavyopaswa kila wimbi linapofika chini. Zima taa uitazame, waya zake zikiwaka rangi ya chungwa punguza sauti mara moja. Mzigo ukiwa mdogo mno, mkondo huisha kwanza. Ukiwa sawa, kichwa na mguu wa wimbi hukatika karibu kwa pamoja.

Kama mzunguko wako una mrejesho hasi kutoka upande wa spika kwenda kwenye valvu ya mwanzo, uache bila kuunganishwa wakati wa vipimo hivi vyote. Uunganishe mwishoni, sauti ikiwa chini kabisa. Amplifaya ikipiga mluzi au kunguruma, zima, badilishana nyaya mbili za upande wa spika, jaribu tena. Ikitulia na sauti ikapungua kidogo, ndivyo inavyotakiwa.

Zima, mwaga kapasita, toa rezista za 8.2, acha ile ya 220 mahali pake, funga spika zako mbili sambamba. Andika ndani ya chasi kwa kalamu ile ile: "1,253 – spika ohmu 4 tu", ili atakayeifungua baada ya miaka ishirini asianze kuuliza ni ya ohmu ngapi.